Jua la Januari Lisikudanganye

Wajukuu zangu,

Sikio langu la kushoto lina alama pale juu kwenye ukingo, mahali ngozi ilipobabuka ikaota nyingine laini isiyo na rangi kamili. Watoto wadogo hupenda kuigusa. Wakiniuliza ni nini, nawaambia: hapo bibi yenu alidanganywa na jua.

Ilikuwa Januari yangu ya kwanza hapa Marshalltown, katika Kaunti ya Marshall, jimbo la Iowa. Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili mfululizo, na mimi nimejifungia ndani kama kuku anayeatamia. Siku ya tatu nikaamka nikakuta mbingu buluu tupu, hakuna hata kipande cha wingu, jua linawaka juu ya theluji mpaka macho yanauma. Kwetu Fizi, Kongo, jua kama lile likitoka asubuhi unaanika mihogo. Nikajitanda kitenge juu ya sweta, nikafunga kilemba masikio yakiwa nje, nikatoka kwenda dukani kununua maziwa na unga. Mwendo wa dakika 20 hivi. Mwanzoni masikio yaliuma kama yanachomwa sindano. Kisha maumivu yakaisha, nikamshukuru Mungu, nikaongeza hatua. Sikujua kwamba maumivu yanapokwisha ndipo pa kuogopa.

Dukani mama mmoja aliyekuwa kwenye kaunta aliniangalia, akawaacha wateja wake, akaja akanifunika sikio kwa kiganja. Nilipotaka kulisugua alinishika mkono na kutikisa kichwa. Sikio lilikuwa jeupe na gumu kama nta ya mshumaa. Yeye hakujua Kiswahili, na Kiingereza changu kilikuwa cha salamu tu, lakini tulielewana: usisugue, liache lipate joto polepole. Baadaye hospitali walinieleza kwamba nyama ikiganda hufanya chembe za barafu ndani yake, na ukisugua unaichana kwa chembe zake zenyewe.

Nimeshika kalamu leo kwa sababu juzi mmoja wenu, simtaji jina, alitoka hapa kwenda zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama akiwa na fulana, jaketi jepesi na raba za kitambaa. Nje ilikuwa nyuzi 22 chini ya sifuri. Nilipomwambia arudi avae, alinijibu kwa adabu kabisa: “Bibi, leo jua limewaka kutwa nzima, na gari lina hita.” Sikulala usiku ule. Si kwamba ana kiburi. Amekulia hapa, anajua Kiingereza kuliko mimi, anajua njia zote za kaunti hii. Na bado alisema maneno yaleyale niliyoyasema moyoni mwangu asubuhi ile ya sikio.

Basi nisikilizeni. Sisi tulifundishwa kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini maneno hayo yalizaliwa kwenye nchi ambayo jua ni joto na wingu ni maji, basi. Hapa Januari ni kinyume. Wingu ni blanketi. Usiku wenye mawingu, joto dogo lililomo ardhini halipandi likapotea, linarudishwa chini. Usiku wa nyota zinazong'aa, joto lote linapaa, na theluji inayometameta mchana inalirudisha jua lilikotoka badala ya kulinyonya. Juu ya hayo, mbingu safi ya Januari mara nyingi ina maana kwamba hewa kavu ya Aktiki imeshatufikia. Theluji inapoanguka huwa si baridi sana. Ni kesho yake, ikishakatika, upepo ukigeuka kuvuma kutoka kaskazini-magharibi na mbingu ikawa nzuri kama ya kwenye picha, ndipo baridi inaposhuka yenyewe.

Mmewahi kujiuliza kwa nini hapa pako hivi? Kwetu tuko kama nyuzi 4 kusini ya ikweta, na Ziwa Tanganyika liko pale chini likitunza joto mchana na usiku, mwaka mzima. Hapa tuko nyuzi 42 kaskazini, katikati ya bara, bahari iko mbali pande zote. Kutoka Aktiki mpaka Ghuba ya Mexico hakuna safu ya milima iliyolala kukata njia. Milima ya Rocky iko magharibi na imesimama kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo inauzuia unyevu wa Pasifiki lakini mlango wa kaskazini inauacha wazi, na wa kusini pia. Hewa ya baridi kavu ya Kanada na hewa ya joto yenye maji ya Ghuba zinakutana hapa juu ya mashamba haya ya mahindi na soya, na sisi tuko uwanjani mwao. Elkader, mji mdogo wa jimbo hili, tarehe 3 Februari 1996 ulipimwa nyuzi 44 za Selsiasi chini ya sifuri. Keokuk, jimbo hilihili, mwaka 1934 ulifika karibu nyuzi 48 za joto. Tofauti ya zaidi ya nyuzi 90 ndani ya jimbo moja. Mwili wa binadamu haukuumbwa na kumbukumbu ya mambo hayo. Ni lazima ufundishwe.

Msidhani tunaodanganywa ni sisi wageni peke yetu. Tarehe 12 Januari 1888, huko Nebraska na Dakota, asubuhi iliamka tulivu na ya joto baada ya siku nyingi za baridi. Watoto walikwenda shule bila makoti mazito, wakulima wakatoa ng'ombe nje. Mchana ukuta wa theluji na upepo ukafika ghafla, na watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wao watoto waliokuwa njiani kurudi nyumbani. Tarehe 11 Novemba 1940 ikawa hivyohivyo: asubuhi ya joto kuliko kawaida, wawindaji wa bata wakaingia kwenye visiwa vya Mto Mississippi wakiwa wamevaa mashati na makoti mepesi, na kabla ya usiku mvua ikawa barafu, barafu ikawa theluji. Katika majimbo ya ukanda huu walikufa watu zaidi ya 140. Wale walizaliwa hapa. Wengine babu zao walizaliwa hapa. Waliitazama asubuhi, wakaiamini.

Mwisho wa Januari 2019 wengi wenu mnaukumbuka. Posta ilisimamisha kupeleka barua, shule zikafungwa. Moline, ng'ambo ya Mississippi, wanakoishi wenzetu wengi wa Kongo, tarehe 31 zilipimwa nyuzi 36 chini ya sifuri. Jua lilikuwa linawaka. Upepo ukifanya baridi ihisiwe kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Ikihisiwa kama 40 chini, ni dakika 10. Hesabuni wenyewe dakika za kusimama kando ya barabara ukibadilisha tairi.

Na hapo ndipo ninapowaogopea zaidi, barabarani. Mjini nyumba zinakinga upepo. Ukitoka nje ya mji, ukashika barabara ya changarawe kati ya mashamba, hakuna mti, hakuna ukuta, mahindi yamevunwa tangu Oktoba, ardhi iko uchi mpaka macho yanapofikia. Theluji iliyoanguka juzi bado imelala pale ikiwa nyepesi kama unga. Upepo ukiamka unaiinua kutoka chini. Nimeyaona haya kwa macho yangu nikiwa nimekaa kiti cha mbele na baba yenu anaendesha: juu ya vichwa vyetu mbingu ya buluu, jua linawaka, na mbele ya kioo hakuna kitu, weupe mtupu, kama mtu ametumwagia sufuria ya uji. Hatukuiona hata pua ya gari letu. Baba yenu alipunguza mwendo, akafungua dirisha, akawa anatafuta ukingo wa barabara kwa kutazama majani makavu ya mtaroni. Tulitembea hivyo karibu nusu saa kwa kitu ambacho siku nyingine ni dakika tano. Sikumsahau Mungu siku ile.

Kwa hiyo tangi la petroli lisishuke chini ya nusu kuanzia Novemba hadi Machi. Nyuma ya gari kuwe na blanketi, beleshi, mfuko wa mchanga, tochi, maji, karanga au kitu kingine cha kutafuna, na waya wa kuchajia simu. Ukikwama, usitoke kwenda kutafuta msaada kwa miguu, hata kama taa za nyumba unaziona. Kaa ndani ya gari, linaonekana kuliko wewe. Washa injini dakika chache kila saa, lakini kwanza shuka ukafukue theluji iliyoziba bomba la moshi, maana moshi ukikosa pa kutokea unarudi ndani, na sumu yake haina harufu wala rangi, inakulaza usingizi. Madaraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu upepo unapita juu na chini yake. Na lami inayoonekana nyeusi na kulowa wakati nje ni chini ya sifuri haijalowa. Hiyo ni barafu.

Mavazi sitayasemea sana, mama zenu wanayasema kila siku. Neno moja tu: pamba ikilowa jasho inakuwa adui. Zamu yenu kiwandani mnatoka jasho, kisha mnatoka nje saa nane ya usiku na fulana imelowa mgongoni. Badilisheni kabla ya kutoka. Wekeni fulana kavu kwenye kabati lenu la kazini kama mnavyoweka chakula.

Ikifika Aprili kuna udanganyifu mwingine, mdogo lakini nausema kwa sababu ulinitoa machozi. Siku kumi za joto zilinifanya nipande maharage, maboga na mchicha kwenye kibustani nyuma ya nyumba. Vikaota vizuri. Usiku mmoja wa mbingu safi, mwanzoni mwa Mei, umande ukaganda, na asubuhi vyote vilikuwa vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto. Jirani yangu, mzee mkulima aliyestaafu, alinionyesha: yeye hugusa udongo, si hewa. Mahindi hupandwa udongo ukifika nyuzi 10 na kuendelea, na vitu laini vya bustani husubiri mpaka Sikukuu ya Akina Mama ipite, Jumapili ya pili ya Mei. Tangu hapo nasubiri. Na nyinyi wadogo, barafu ya kwenye mabwawa mwezi wa Machi msiikanyage hata mkiona nyayo za wengine juu yake. Nyayo hizo ni za wiki iliyopita.

Kiangazi cha hapa vijana wetu wanakidharau. “Sisi ni Waafrika, joto halituwezi.” Nimelisikia neno hilo mara nyingi, na nimemwona mmoja wenu akibebwa kutoka shambani akiwa amelisema asubuhi yake. Ilikuwa Julai, alikuwa na wenzake kwenye kazi ile ya kung'oa mbelewele katika mashamba ya mbegu, kazi ambayo vijana wa hapa huifanya tangu wana miaka 14. Ukiingia kati ya mistari mahindi yamekupita kichwa, upepo haupiti, na mahindi yenyewe yanatoa maji hewani kama watu wanaotoka jasho: ekari moja yaweza kutoa lita 11,000 hadi 15,000 kwa siku. Kwetu joto linakuja na upepo wa ziwa, jasho linakauka, mwili unapoa. Mle ndani jasho halikauki. Linakutiririka tu na kukuacha na moto wako. Kijana yule aliacha kutoka jasho kabisa, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Kama ilivyokuwa kwa sikio langu, ishara mbaya ilikuja kama nafuu. Kunyweni maji kabla ya kiu, na mwenzenu akianza kuchanganya maneno mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, pigeni simu ya dharura bila kumsubiri msimamizi aseme.

Sasa nifike kwenye upepo, maana huo ndio umeupitia mji wetu mara mbili ndani ya miaka miwili na wiki chache.

Tarehe 19 Julai 2018, kama saa kumi na nusu alasiri, tonado iliingia Marshalltown. Nilikuwa jikoni nachambua mboga. King'ora kilipolia mjukuu wangu aliyekuwa darasa la nne akaja mbio: “Bibi, besimenti!” Mimi nikasema ngoja nizime jiko. Akanivuta kitenge. Nilimkasirikia, namwomba msamaha mpaka leo. Tulikuwa tumefika chini, tumejibanza kona ya ukuta, ndipo masikio yakaziba kama mtu anayepanda mlima kwa gari, na juu yetu kukawa na mngurumo usiokatika, kama lori linalopita na halimalizi kupita. Tulipotoka, mti wa jirani ulikuwa umelala juu ya paa lake, na katikati ya mji kilele cha jengo la mahakama, lile ambalo kila mtu hulitumia kuelekeza njia, kilikuwa kimeanguka. Upepo ulifika karibu kilomita 230 kwa saa. Watu waliumia, nyumba nyingi zilivunjika, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyekufa. Mimi naamini ni kwa sababu ya wale waliovutwa kitenge.

Angalieni, yule mtoto hakuwa na akili kuliko nyinyi. Alikuwa amefundishwa shuleni wiki chache kabla, na bado alikuwa na umri wa kuamini anachofundishwa. Nyinyi wakubwa mmezoea. Kaunti nyingi za Iowa hukijaribu king'ora mara moja kwa mwezi, siku ya hali nzuri, na sikio likizoea kusikia kitu kisicho na matokeo linaacha kusikia. Basi jifunzeni siku ya jaribio ni ipi. Kikilia siku nyingine, au kikilia na mbingu imechafuka, si jaribio. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ina maneno mawili ambayo sisi wageni tunayachanganya: moja linasema mambo ya kuleta tonado yapo, kaeni macho, la pili linasema tonado imeonekana kwa macho au kwa rada, jificheni sasa hivi. La kwanza unaendelea kupika ukiwa umevaa viatu. La pili unaacha sufuria. Nyumba isiyo na besimenti, ingieni chumba cha ndani kabisa kisicho na dirisha, bafu au stoo. Wanaokaa kwenye nyumba za trela watoke mapema, wakati wa neno la kwanza, kwa sababu trela haihimili.

Ya pili ilikuja 10 Agosti 2020, na hiyo haikuwa tonado. Wenyeji waliita derecho, na hata wao wengi walikuwa hawajawahi kulisema neno hilo kabla ya siku ile. Ni ngurumo za mvua zilizojipanga mstari mmoja mrefu na kusukuma upepo mbele yao kama watu wanaosukuma ukuta. Ulianzia mpakani mwa Nebraska na South Dakota asubuhi, ukatembea zaidi ya kilomita 1,200 kwa saa 14 hivi. Hapa ulitufikia karibu na saa sita mchana ukivuma kilomita 159 kwa saa. Cedar Rapids ilikuwa vibaya zaidi: makadirio ni kilomita 225, na zaidi ya nusu ya miti ya mji ikaondoka. Na asubuhi yake, mtakumbuka, ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeanika nguo.

Simu yangu haikulia siku ile. Baadaye nilielewa kwa nini: wakati huo onyo la ngurumo na upepo halikuwa likitumwa kwenye simu zote kama la tonado. Walilibadilisha mwaka uliofuata, na sasa upepo ukitazamiwa kufika kama kilomita 130 kwa saa, simu inalia yenyewe. Vizuri. Lakini inalia kwa Kiingereza, au kwa Kihispania. Kiswahili hakimo, wala Kibembe, wala Kinyamulenge. Ndani ya nyumba zetu nyingi mama yuko jikoni na simu yake inapiga kelele mezani, anaiangalia, anadhani ni tangazo, anaizima. Wewe kijana uko chumbani, yako imelia, umesoma, umeelewa, umeizima vilevile ukaendelea na mchezo. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Nyinyi ndio masikio ya nyumba hizi. Sisi tuliwaleta kwa kuvuka ziwa, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka yote ile tukipanga foleni ya unga ili mfike mahali pa kusoma. Mmesoma. Basi mkisoma onyo lisomeni kwa sauti, kwa lugha ya mama, na msiondoke alipo mama yenu mpaka muone ameinuka.

Baada ya derecho umeme ulikatika siku nyingi. Cedar Rapids familia za wakimbizi zililala kwenye mahema nje ya majengo waliyopanga, watu walioapa kwamba hema hawataliona tena. Hapa kwetu usiku wa pili mvua ilirudi, na nilikwenda kumwangalia jirani yetu wa Uvira. Nilimkuta ameingiza jiko la mkaa sebuleni ili kumpikia mtoto uji, madirisha amefunga sababu ya mvua. Mtoto alikuwa analalamika kichwa. Nilibeba jiko lile kwa kanga likiwa jekundu nikalitupa kwenye mvua. Hakunielewa, alidhani nimechanganyikiwa. Kule kambini tulipika hivyo maisha yetu yote, lakini kuta zilikuwa za udongo na nyasi, zinapumua. Nyumba hizi zimejengwa kuzuia hewa isitoke. Mkaa, jenereta, gari linalounguruma gereji, vyote vinaua kwa njia ileile. Mkae mkijua.

Na mahindi. Niliyaona siku iliyofuata, eka baada ya eka, yamelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, masuke yakiwa bado machanga, miezi miwili kabla ya mavuno. Yule mzee jirani alisimama kando ya shamba la mwanawe, mikono mfukoni. Nilisimama naye. Mimi ni mkulima, nimewahi kulilia shamba lililopigwa na mvua ya mawe, na sikuhitaji Kiingereza.

Limebaki la giza, nilisemee kidogo. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na kufika Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mchana ni saa 9 na dakika chache. Ukifanya zamu ya mchana unaingia gizani na kutoka gizani. Jua lenyewe liko chini sana kuweza kutengeneza vitamini D mwilini, na ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko ngozi nyeupe. Kapimweni, mkapewe dawa. Lakini kuna giza lingine linaloingia kwa vijana wetu miezi ile: hataki kula, hataki kanisa, hataki simu za rafiki, mlango umefungwa. Wazazi wanasema mvivu. Mimi nilimwona mmoja hivyo, nikadhani mvivu, na tukachelewa kujua kwamba ni mgonjwa. Alipona, namshukuru Mungu. Ukijiona unaanza kufunga mlango mwezi wa Desemba, sema. Njoo kwangu hata kama huna la kusema, nitakupa chai.

Leo jioni nilipomaliza kuandika ukurasa huu nilichungulia nje. Kipimajoto cha dirishani kinasema 19 chini ya sifuri na usiku bado mchanga. Mbingu ni safi, nyota zimejaa, mwezi unaangaza theluji mpaka mtu angeweza kuokota sindano. Ni usiku mzuri sana. Yule wa raba za kitambaa anatoka saa mbili kwenda kiwandani. Buti nimeziweka mlangoni, fulana kavu iko kwenye mfuko wa chakula, blanketi liko nyuma ya gari, na tangi amejaza mwenyewe, nimeona risiti. Ukifika, mjukuu wangu, nipigie simu. Na ukitoka zamu kabla hujawasha gari, nipigie tena. Saa yoyote. Nitakuwa macho.